Gesi Imeingia, Inatokea Wapi?

Siku niliyokaribia kumuua mtu kwa oksijeni, nilikuwa nimempa mgongo. Upasuaji ulikwisha salama, daktari alikuwa anashona ngozi, na mimi nilishazima ventileta, mashine inayompumulisha mgonjwa, na kuhamishia swichi kwenye mfuko wa kubana kwa mkono ili mgonjwa aanze kupumua mwenyewe. Nikafungua oksijeni hadi lita 10 kwa dakika, isafishe mvuke wa dawa uliobaki kwenye mipira. Kisha nikageukia meza yangu kuvuta neostigmini na atropini, dawa zinazotolewa pamoja kuondoa ulegevu wa misuli, kwenye bomba la sindano. Kazi ya nusu dakika, ikizidi sana dakika moja.

Kengele ikalia. Nilidhani ni ile ya mashine ya kupimia presha ya damu, ambayo tangu asubuhi ilikuwa inatusumbua bila sababu. Nikanyoosha mkono bila kutazama, nikainyamazisha. Mwalimu wangu wa usingizi alikuwa anapita mlangoni akielekea chumba kingine. Hakusema neno. Aliingia hatua tatu, akaichomoa tyubu iliyo kooni mwa mgonjwa kutoka kwenye kiungo cha Y, pale mipira ya mashine inapokutana, na hewa ikatoka kifuani kwa mlio mrefu kama wa gurudumu lililotobolewa. Hapo ndipo nilipougeukia mfuko. Ulikuwa umevimba kama tikiti, unang'aa, mikunjo yote imepotea. Presha ya damu ya mgonjwa ilikuwa imeshuka hadi 60 ya juu, kwa sababu kifua kilichojaa hewa kiasi kile kinaubana mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Baada ya mapigo machache ikaanza kupanda.

"Kijana," mwalimu akasema, bado ameishika tyubu, "gesi imeingia. Ilikuwa inatokea wapi?"

Nikaitazama vali ya kuachia presha, ile ambayo sote tunaiita APL. Ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, kwenye 70.

Jioni nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kugeuka. Lita 10 kwa dakika ni mililita 167 hivi kila sekunde. Mfuko wa mtu mzima ni lita 2. Hata ungekuwa mtupu kabisa, sekunde 12 zinatosha kuujaza, na mimi niligeuka kwa zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kilichomwokoa mgonjwa ni mpira wenyewe. Mfuko wa mpira ukishafika kiwango fulani hutanuka badala ya kuendelea kupandisha presha, hivyo presha hugota kwenye sentimita 40 au 50 za maji, kipimo tunachotumia kwa presha ya mapafu. Ni nyingi mno kwa mapafu yaliyozoea kupulizwa kwa 15 hadi 20, lakini si ile ambayo ingekuwepo kama badala ya mfuko kungekuwa na kitu kigumu.

Lakini swali lililonikosesha usingizi ni kwa nini vali ilikuwa imefungwa. Sikukumbuka kuifunga. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba niliifunga asubuhi, nilipokuwa nafanya kipimo cha kuvuja, kipimo ambacho niliamini nakifanya vizuri kuliko wenzangu wote. Unafunga APL, unaziba kiungo cha Y kwa kiganja, unabonyeza kitufe cha oksijeni mpaka geji isome 30, kisha unatazama kama mshale unatulia kwa sekunde 10. Mshale ulitulia. Nikaridhika, nikaondoa kiganja, hewa ikatoka puu, nikaenda kumpokea mgonjwa. Ventileta ikafanya kazi saa mbili nzima, na kwa muda wote huo APL haihusiki, kwa hiyo hakuna kilichonikumbusha. Nilipohamia kwenye mfuko, nikahamia kwenye vali niliyoiacha imefungwa mwenyewe.

Mwalimu alinionyesha namna yake. Ukimaliza kuhesabu sekunde 10, kiganja hakitoki. Unafungua vali polepole na kuutazama mshale ukishuka hadi sifuri. Kwa tendo hilo moja umeshajua kuwa vali inafunguka kweli, umeiacha ikiwa wazi, na hujairusha vumbi ya chokaa ya soda, ile inayofyonza kabonidioksidi, kwenye mipira ambayo mgonjwa atavuta hewa kupitia humo. Vumbi ile inaunguza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naipuliza kila asubuhi na kujisifu kuwa nimepima mashine.

Tangu hapo nilianza kuitazama mashine ya usingizi kama ngazi ya kushukia. Mtungi wa oksijeni uliojaa una presha ya bar 137 hivi. Regyuleta inaishusha hadi bar 4 hivi, karibu sawa na presha ya bomba la ukutani. Halafu kuna vali nyembamba ya kila gesi, ile unayoizungusha kwa vidole, na baada yake presha inabaki kidogo tu juu ya ile ya hewa ya chumbani. Tatizo ni kwamba kila ngazi ina kipimo chake, na macho hayatafsiri. Bar moja ni kama sentimita 1,020 za maji. Kwa hiyo bar 4 za ukutani ni zaidi ya sentimita 4,000, na mapafu ya mgonjwa yanataka 20. Ni mara 200. Nilipoyaandika yote kwa kipimo kimoja kwenye karatasi, nilikaa kimya kidogo.

Ndiyo maana siku hizi kitufe cha oksijeni ya haraka nakiheshimu. Kitufe hicho kinaruka ngazi: hakipiti kwenye rotamita, kipimo cha mtiririko wa gesi, wala kwenye vepaiza, kifaa kinachoongeza mvuke wa dawa ya usingizi; kinaleta lita 35 hadi 75 kwa dakika moja kwa moja. Ukikibonyeza ventileta ikiwa katikati ya kusukuma pumzi, kwa mashine nyingi za zamani gesi hiyo haina pa kutokea isipokuwa kifuani. Na kwa kuwa haikupita kwenye vepaiza, inazimua dawa. Ukikibonyezabonyeza ili kuujaza mvukuto wa ventileta unaovuja, mgonjwa anaweza kuanza kuamka huku wewe unadhani unamsaidia. Nimemwona mwenzangu akifanya hivyo kwa dakika kumi, mara kitufe, mara kitufe, wakati dawa ya tatizo lake ilikuwa kutafuta mpira uliotoka.

Kuhusu rotamita nina machache ya kusema, kwa sababu ni chombo kizuri kisicho na makeke. Bomba la kioo lililo jembamba chini na pana juu, ndani yake kidude kiitwacho bobini kinaelea. Bobini unaisomea kwenye ukingo wa juu, na kama ni gololi unaisomea katikati. Kila bomba limepimwa kwa gesi yake, huwezi kulihamisha. Ninachomwambia kila mwanafunzi ni atazame kama bobini inazunguka. Zamani nilikuwa nasoma namba tu. Siku moja oksijeni ilisomeka lita 2 vizuri kabisa, lakini mfuko ukawa unalegea kila pumzi kuliko ilivyotakiwa. Nikakagua mipira, nikakagua kopo la chokaa, nikaanza kuilaumu mashine. Sista aliyekuwa ananisaidia ndiye aliyesema, "Mbona hiki kidude kimesimama?" Bobini ilikuwa imenasa kwenye ukuta wa kioo. Niligonga kioo kwa kucha, ikaanguka hadi nusu lita na kuanza kuzunguka. Vumbi kidogo au umeme wa msuguano vinatosha kuinasisha, na mashine iliyoegama upande huongeza shida.

Somo lililonigharimu fahari yangu zaidi lilikuwa la hesabu, na hesabu nilikuwa naipenda. Presha ya oksijeni ya ukutani ilishuka katikati ya upasuaji wa tumbo. Kengele ikalia, naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi tunayoichanganya na oksijeni, ikajikata yenyewe kama ilivyoundwa, nikafungua mtungi wa akiba nyuma ya mashine. Geji ikasoma nusu. Nikafurahi, maana hapa nilikuwa na somo tayari kichwani: oksijeni ndani ya mtungi ni gesi tupu, kwa hiyo presha ikiwa nusu na gesi ni nusu. Mtungi wa saizi E ukijaa una lita 680. Nusu ni 340. Natumia lita 2 kwa dakika. Nikamwambia daktari kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Tuna dakika 170, endelea bila wasiwasi."

Baada ya robo saa mshale wa geji ulikuwa umeshuka karibu nusu ya pale ulipoanzia.

Nilidhani unavuja. Nikaweka sikio kwenye kiungo cha mtungi, nikapitisha kiganja, hakuna. Nikampigia simu mwalimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Umeniambia lita 2 zinaenda kwa mgonjwa. Mvukuto unasukumwa na nini?"

Unasukumwa na oksijeni. Mtungi ule ule. Kwenye mashine ile, ventileta inauminya mvukuto kwa gesi inayoingia kwenye kioo kinachouzunguka, na kila pumzi ikiisha gesi hiyo inatupwa nje. Mgonjwa haioni kabisa, lakini mtungi unaitoa. Kwa makadirio inakaribia kiasi cha hewa unayompumulisha mgonjwa kwa dakika, kwa hiyo lita 7 hivi juu ya zile 2. Lita 340 ukigawa kwa 9 unapata dakika 38 tu. Nilizima ventileta, nikashika mfuko kwa mkono, nikashusha mtiririko hadi lita 1, na kwa kufanya hivyo tu nikaunyoosha muda uliobaki ukatosha mpaka mtungi mwingine ulipoletwa. Mtu mzima aliyelala anatumia oksijeni kama mililita 250 tu kwa dakika. Nyingine zote ni matumizi yetu, siyo yake.

Kwa naitrasi oksaidi hesabu hiyo usiijaribu kabisa. Ndani ya mtungi wake ni kimiminika chenye mvuke juu, na geji husoma bar 51 hivi kwenye nyuzi 20 mpaka kimiminika chote kimekwisha. Ukiona mshale unaanza kushuka, ujue unakula makombo. Kiasi kilichobaki unakijua kwa kuupima mtungi uzito, basi.

Na hapo hapo niseme jambo moja kuhusu ile vali inayokata naitrasi oksijeni ikishuka. Watu wanaiamini kupita kiasi. Inapima presha, haipimi ni gesi gani. Siku mafundi wakikosea na kuunganisha bomba la gesi nyingine kwenye njia ya oksijeni, vali hiyo itaona presha ipo na kunyamaza. Mitungi ina ulinzi wa pini tangu 1952, kila gesi na nafasi zake za pini, oksijeni pini za 2 na 5, naitrasi za 3 na 5, hivyo huwezi kukosea hata ukilazimisha, labda mtu awe ameichezea pini. Lakini bomba likishaingia ukutani hakuna pini tena. Kinachojua harufu ya oksijeni ni kipimo chake tu, kile unachokiweka hewani asubuhi kisome asilimia 21. Nimewahi kukuta mashine ambayo kipimo hicho kilikuwa kimezimwa kwa sababu "kinapiga kelele". Siku hiyo tuliahirisha upasuaji, na nilisemwa sana. Bado nadhani nilikuwa sahihi.

Mtoto ndiye aliyenifundisha kwamba mtiririko na ujazo wa pumzi haviishi katika vyumba tofauti. Alikuwa na kilo 12. Niliweka ventileta impe mililita 90 kila pumzi, pumzi 20 kwa dakika, sehemu moja ya kuvuta kwa sehemu mbili za kutoa, yaani sekunde 1 ya kuvuta. Mashine ilikuwa ya kizamani kidogo. Nilitaka alale haraka, nikapandisha gesi safi hadi lita 6. Kifua kikaanza kuinuka kama cha mtu anayeshangaa. Nikaangalia ventileta: 90. Nikaangalia tena: 90. Nikaamini namba, nikatilia shaka macho yangu, jambo ambalo leo naliona aibu kuliandika.

Lita 6 kwa dakika ni mililita 100 kwa sekunde. Wakati mvukuto unasukuma 90, vali ya kuachia gesi ya ziada imefungwa, na gesi safi inaendelea kumiminika kutoka kwenye rotamita. Inatokea wapi? Kwa mtoto. Alikuwa anapata 190, zaidi ya mara mbili. Kwa mtu mzima mwenye pumzi ya 500, nyongeza ya namna hiyo hujificha. Kwa mtoto wa kilo 12 haijifichi, ukikubali kutazama kifua. Nilirudisha gesi kwenye lita 1 na kifua kikatulia papo hapo. Mashine nyingi mpya zinafidia hilo zenyewe, na ndiyo sababu waliozianza hizo mara nyingi hawajui tatizo hili lipo, mpaka wapelekwe mahali penye mashine ya zamani.

Kuna pia ile siku presha ya njia ya hewa ilipanda ghafla kutoka 18 hadi 38 kwenye upasuaji wa kutumia kamera, tumbo limejazwa gesi. Kila mtu chumbani alikuwa na maoni. Mwenye kamera alisema mgonjwa hajalegea, msaidizi akasema ni mzio, na mimi mkono wangu ulishaanza kuelekea kwenye dawa ya pumu. Kilichonizuia ni kitufe kidogo cha kusimamisha pumzi juu kabisa, kabla haijatoka. Gesi ikisimama, presha inayotokana na msuguano wa njia inatoweka, na inayobaki ni ile ya mapafu yenyewe kutanuka. Mshale ulishuka hadi 17. Maana yake mapafu yalikuwa yanatanuka kama kawaida na kizuizi kilikuwa njiani. Kama ungebaki kwenye 36, ningefikiria tyubu iliyozama upande mmoja, au hewa nje ya pafu, au tumbo limejazwa mno.

"Daktari, naomba msimame kidogo."

Nilipitisha mpira wa kufyonzea kwenye tyubu, ukagota baada ya sentimita chache. Nikainua shuka. Msaidizi alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya tyubu na kuikunja pale inapotoka mdomoni. Njia ya gesi ikipungua kipenyo kuwa nusu, ukinzani hupanda mara 16 kama gesi inapita kwa utulivu, na zaidi ikivurugika. Kiwiko tu. Akaomba radhi, nikainyoosha, mshale ukarudi 18, na hakuna dawa iliyotumika.

Mwaka uliopita nilikuwa na mwanafunzi, binti makini anayeandika kila kitu kwenye daftari dogo. Nilimwachia mfuko mwisho wa upasuaji, mimi nimekaa nyuma yake na mikono nimeifunga, maana hiyo ndiyo njia pekee ninayoweza kujizuia. APL alishaifungua yote, nilimwona. Lakini mfuko ukaanza kuvimba. Akaigusa vali kuhakikisha. Iko wazi. Mfuko ukaendelea kuvimba, mshale ukapita 20.

"Mwalimu, vali iko wazi kabisa."

"Naona. Gesi inatokea wapi?"

Alichomoa tyubu kwanza, kama nilivyomfundisha, akampa mgonjwa pumzi mbili kwa mfuko wa mkono unaoning'inia kando ya mashine kila siku. Akamkabidhi sista mfuko ule. Kisha akaweka kidole kwenye APL na kukifuatisha mpira unaotoka nyuma yake, ule wa kupeleka gesi chafu nje, ambao hakuna mtu huutazama. Kidole kikapita nyuma ya mashine, kikateremka karibu na waya, kikafika sakafuni. Akapiga magoti. Gurudumu la kitanda cha kumbebea mgonjwa, kilichosogezwa tayari kwa kumhamisha, lilikuwa limeukanyaga mpira ukawa bapa.

Alisukuma kitanda kwa bega. Nyuma yetu mfuko ukanywea taratibu, mikunjo ikarudi, na yeye akabaki pale chini dakika nzima akitafuta daftari lake mfukoni.